Siku tatu za vilima na mvuke ukitokea Nakuru

Ukisimama katikati ya Nakuru ukatazama kaskazini, utaona mgongo mrefu wa kijani uliolala nyuma ya Milimani. Wengi huuchukulia kuwa kilima tu. Huo ndio ukingo wa Menengai, shimo kubwa la volkano, na nyuma yake ardhi imedidimia karibu mita 500. Ukigeuka kusini unaona ziwa. Ukifuata barabara ya Marigat unateremka hadi kwenye joto la Ziwa Bogoria, na ukishika ya Naivasha unafika Mlima Longonot. Jiji lenyewe, lililopewa hadhi hiyo tarehe 1 Desemba 2021, limekaa kwenye mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, katikati ya haya yote. Ukilala hapa usiku tatu unaweza kufika kote huko kwa matatu, kwa bodaboda na kwa miguu yako.

Jambo moja lishike kuliko mengine yote. Ardhi hii ni majivu na lava, na majivu hunywa mvua papo hapo. Ndiyo maana unaweza kuzunguka ukingo wa Longonot mzima usikute kijito, wala kisima, wala bomba. Maji utakayokunywa ni yale uliyobeba mgongoni, na saa nzuri za kutembea ni zile za kabla jua halijakaza. Karibu kila anayebebwa kushushwa kilimani alikosea moja kati ya hayo mawili, na mara nyingi yote mawili.

Fuata mpangilio huu: siku ya kwanza Menengai, ya pili Bogoria, ya tatu Longonot. Menengai ni karibu na mji na inakuonyesha mapema kama viatu vinabana. Bogoria ina joto kali ila miguu haifanyi kazi nyingi. Longonot ndiyo yenye jasho, nayo inataka mwili ulioamka kwa siku mbili zilizotangulia. Wanaoanza na Longonot hushinda siku mbili zilizobaki wakishuka ngazi kinyumenyume.

Kabla ya kutoka

Miezi mizuri ni Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Kuanzia Machi hadi Mei mvua huchimba mifereji kwenye njia za majivu, na Nakuru huwa na kilele kingine cha mvua mwezi wa Agosti, ambacho huwashangaza watu wa Nairobi na Pwani. Mvua ikiwa imenyesha usiku, subiri. Majivu yaliyolowa huteleza kama sabuni, na yakikauka nusu hushikana na soli mpaka kiatu kinakuwa na uzito wa tofali.

Kipimo cha maji kwa mtu mzima mmoja ni hiki: lita 2 kwa ukingo wa Menengai, lita 3 kwa Longonot, lita 4 kwa siku nzima ya Bogoria. Yagawe katika chupa za nusu lita au lita moja badala ya chombo kimoja kikubwa, kwa sababu mbili. Kikipasuka kimoja hujapoteza vyote, na ukihesabu chupa tupu unajua umebaki na nini. Nusu ya maji ikiisha kabla hujafika nusu ya njia, rudi.

Maji matupu peke yake hayatoshi ukitoka jasho kwa saa nne. Chumvi inatoka nayo, na ndipo misuli ya paja inapokaza ghafla. Pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, zinapatikana duka lolote la dawa. Changanya kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikosa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote bapa bila kilima, kwenye lita 1 ya maji safi. Onja: yasizidi chumvi ya machozi.

Chakula kisiwe kizito. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi mbivu, njugu karanga na chapati mbili zilizokunjwa zinamtosha mtu mmoja. Chapati yenye mafuta mengi huleta kiu, kwa hiyo ziagize kavu. Mandazi hupondeka kwenye begi.

Viatu viwe vile ulivyokwisha vizoea, vyenye soli ya meno. Kata kucha za miguu jana yake, maana kwenye kushuka kidole kikubwa hugonga ncha ya kiatu mara elfu, na kucha ndefu ndiyo hugeuka nyeusi. Beba kofia yenye ukingo unaofunika shingo, koti jepesi kwa baridi ya alfajiri, tochi hata kama unapanga kurudi mchana, na leso moja. Leso haina mshindani: inaziba pua wakati wa vumbi, inafunika shingo, ikilowa inapoza kichwa, na mtu akiteguka mkono inaubeba.

Malipo yasipopangwa huvuruga asubuhi nzima. Longonot, Ziwa Nakuru na Hell's Gate ziko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na hulipiwa kwa mtandao kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, si kwa noti langoni. Lipa usiku wa kuamkia safari ukiwa mjini ambako mtandao hausumbui, kisha piga picha ya risiti uihifadhi kwenye simu. Beba kitambulisho chenyewe, maana bei ya mwananchi inategemea hicho. Bogoria ni hifadhi ya Kaunti ya Baringo, kwa hiyo malipo yake ni mbali na ya KWS. Viwango hubadilika, vitazame siku unayolipa, usitegemee alivyokwambia mtu aliyekwenda mwaka jana.

Siku ya kwanza: Menengai

Mji hadi kwenye kitazamio cha ukingoni ni kilomita 8 hivi kwa barabara inayopanda kupitia Milimani, na sehemu ya juu kabisa ya ukingo iko mita 2,278. Kupanda kwa miguu huchukua saa mbili na nusu. Njia bora ni kupanda kwa bodaboda na kushuka kwa miguu, kwa sababu uzuri wa Menengai uko alfajiri na hutaki kufika umechelewa. Patana na mwenye pikipiki jioni yake, bei ya kupanda peke yake, na umwambie wazi ni kitazamio cha juu, si ofisi wala mtaa wenye jina la Menengai. Toka mjini saa 12 kasoro robo. Ukikuta kizuizi cha msitu, lipa na uchukue risiti. Nenda mkiwa watatu au zaidi. Msitu wa ukingoni ni mrefu na una vijia vingi vya wakata kuni visivyofika popote.

Jua hutoka karibu saa 12 na nusu mwaka mzima. Simama hapo kwenye mbao za mishale ya miji na utazame chini kabla hujafanya lolote. Sakafu ya shimo, yenye upana wa kilomita 12 hivi kutoka upande mmoja hadi wa pili, ni nyeusi kwa lava iliyotiririka ikaganda, na juu yake nguzo nyeupe za mvuke zinasimama moja hapa, tatu kule. Ifikapo saa 3 nyingi hazionekani tena. Mvuke haujakoma, hewa imepata joto, na hewa ya joto humeza mvuke kabla haujawa wingu. Anayekuja saa 5 akaona shimo kavu tu hakudanganywa na wapiga picha, amechelewa.

Kutoka kitazamio, fuata ukingo kwa miguu kwa saa moja kwenda na saa moja kurudi, ukiacha mita tatu kati yako na mteremko. Udongo wa mdomoni umeliwa kwa chini na hauonyeshi. Vichaka vya kijivu vinavyokusindikiza ni leleshwa. Chuma jani moja: juu ni kijani, chini ni nyeupe kama lililopakwa unga, na ukilisugua vidoleni linatoa harufu kali ya kafuri. Wamaasai hulitumia kwapani tangu zamani, na kwa mtu aliyetoka jasho ni zawadi ya bure.

Kushuka ndani ya shimo ni safari nyingine kabisa, na hapo hatutanii. Inataka mwenyeji anayeijua njia, saa tano au zaidi, na lita 3 za maji kwa kila mtu. Watu hupotea humo, na simulizi za mizimu ya Menengai ni za kale, lakini sababu iko wazi kwa yeyote aliyewahi kusimama chini. Kila upande kuna ukuta unaofanana na mwingine, lava imejikunja vilima vidogo vinavyozuia kuona mbele, na hakuna mto wa kufuata. Kwa hiyo fanya hivi:

Kabla ya kuanza kushuka, weka alama ya mahali ulipo kwenye ramani ya simu, kisha zima mtandao wa data ili betri idumu. Ukiwa umeshuka robo, geuka nyuma upige picha ya ukingo uliotoka. Fanya hivyo tena ukiwa nusu, na ukifika chini. Hizo picha tatu ndizo zitakazokuonyesha mwanya wa kutokea, kwa sababu ukingo ukitazamwa kutoka chini haufanani hata kidogo na ulivyouona ukiwa juu. Anza kurudi saa 5, hata kama kuna shimo zuri la mvuke mbele kidogo. Kupanda ukuta saa 8 mchana, jua likiwa limepasha mawe meusi tangu asubuhi, ndiko kunakoangusha watu.

Lava hukata, kwa hiyo vaa suruali ndefu na usishike mwamba kwa kiganja kitupu ukiteleza. Kabla ya kukanyaga jiwe lililoinama, lisukume kwa fimbo. Bafe hupenda kulala kwenye njia yenye joto na hasogei ukimkaribia, ndiyo maana huumiza watu wengi kuliko nyoka waoga. Akiuma, mlaze mtu, mvue pete na viatu kabla ya kuvimba, funga mguu kwenye fimbo usitikisike, na mtafute gari la hospitali. Usikate, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu.

Penye matundu ya mvuke, kaa upande ambao upepo unatokea. Ukisikia harufu ya yai bovu, hiyo ni gesi ya salfa. Ikiwa kidogo haina neno, lakini ikizidi huua uwezo wa pua kunusa, kwa hiyo harufu ikikatika ghafla ukiwa bondeni si dalili ya usalama: panda juu mara moja. Visima vya umeme wa mvuke ambavyo GDC, kampuni ya serikali ya nishati hiyo, ilianza kuvichimba mwaka 2011 viko humo humo, na mabomba yake ni ya moto. Usivuke uzio wala kukaa juu ya bomba kupumzika.

Ukirudi mjini na bado una nguvu, malizia Hyrax Hill, kilomita 4 hivi kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Nairobi. Ni kilima kidogo cha pimbi chenye makumbusho; Mary Leakey alichimba hapo mwaka 1937 na 1938, na tangu 1943 ni mahali palipolindwa kisheria. Omba uonyeshwe bao lililochongwa mwambani. Vishimo vimepangwa safu kwa safu, vimelainika kwa ndani, na mtu yeyote anayejua kucheza bao anaweza kuchuchumaa hapo akahisi kete zingekaa wapi. Chini utaona vipande vya jiwe jeusi lenye kung'aa kama chupa. Ni kioo cha volkano, watu wa kale walikipasua kuwa visu. Viache palepale, kuokota ni kosa, na kipande kilichoondolewa mahali pake hakimwambii mtafiti chochote tena.

Kuhusu Mbuga ya Ziwa Nakuru

Hii huwezi kuitembea kwa miguu, ina vifaru, nyati na simba, na imezungushiwa uzio wote. Ukiwa na gari ingia saa 12 asubuhi na panda Baboon Cliff mapema, madirisha yakiwa yamefungwa, kwa sababu nyani wa pale wanaujua mfuko wa chakula kwa sauti yake tu. Usifuate ramani za zamani: ziwa limepanda sana tangu miaka ya 2010, likameza barabara za kandokando na lango kuu la zamani.

Kupanda huko ndiko kulikohamisha heroe, wale ndege wa waridi ambao wengi huwaita flamingo. Wao hula mwani mdogo sana unaostawi kwenye maji ya magadi. Mvua na mito ilipoongeza maji matamu, magadi yakapungua nguvu, mwani ukapungua, na ndege wakafuata chakula. Hawajafa, wamehama, na mahali pa kuwatafuta kwanza ni Bogoria.

Siku ya pili: Bogoria

Panda matatu ya Marigat kabla ya saa 12 na nusu. Barabara inapita Mogotio, ambako inavuka mstari wa ikweta, na kadiri unavyoshuka ndivyo unavyovua nguo: Bogoria iko karibu mita 1,000 tu, na mchana joto hupita nyuzi 30 kwa urahisi. Mwambie konda utashukia njia panda ya Loboi, upande wa kulia kabla ya kuingia Marigat. Usipomwambia mwanzoni utajikuta sokoni Marigat, na kurudi nyuma ni nauli nyingine. Kutoka njia panda chukua bodaboda hadi lango la Loboi, na kutoka lango hadi chemchemi za Loburu ni zaidi ya kilomita 10 tena, bila kivuli cha maana. Kwa hiyo patana na huyohuyo mwenye pikipiki akupeleke ndani, akungoje na akurudishe. Nusu ya malipo mpe mwanzoni, nusu mkirudi barabarani. Ukimlipa zote mapema na akapata mteja mwingine, utatembea.

Uliza langoni barabara ya kando ya ziwa imefunguka hadi wapi. Ziwa hili nalo limepanda na kuzamisha sehemu ya barabara pamoja na baadhi ya chemchemi, kwa hiyo mahali palipopigwa picha miaka kumi iliyopita huenda leo pako chini ya maji.

Kwenye chemchemi, maji yanatoka yakitokota. Kwa kimo kile maji huchemka kwenye nyuzi 96 au 97, si 100, na kumwagikiwa kidogo tu kunavua ngozi. Hatari kubwa zaidi haimo kwenye maji unayoyaona. Pembeni mwa kila jicho la maji kuna ukoko mweupe wa chumvi unaoonekana mgumu kama sakafu, na chini yake kunaweza kuwa na tope linalotokota. Tumia fimbo: gonga mbele yako kabla ya kila hatua. Ardhi imara inajibu kwa sauti fupi nzito, ukoko mtupu unajibu kama debe. Ukisikia debe, rudisha mguu kwenye nyayo ulizotoka nazo. Watoto washikwe mkono muda wote, na asipige mtu picha huku akitembea kinyumenyume.

Watu hupenda kuchemsha mayai hapa. Muulize askari wa hifadhi kwanza mahali panaporuhusiwa. Tia mayai kwenye mfuko wa wavu, ule wa vitunguu, ufunge kwenye fimbo ndefu kwa kamba ya katani. Kamba ya plastiki hulegea kwenye moto huo. Yaache dakika 12 hivi, kwa kuwa maji haya hayafiki nyuzi 100 na yai linahitaji muda zaidi kuliko jikoni. Maganda yarudi nawe mjini.

Akiungua mtu, mwagia maji safi ya kawaida, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20 mfululizo. Hapo ndipo lita ya nne ya maji inapojilipa. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga. Funika na kitambaa safi kisichoshika kidonda, kisha Marigat hospitalini. Maji ya ziwa lenyewe usiyatumie kwa kuoshea kidonda wala macho, ni magadi.

Heroe watazame kutoka mbali na ukae chini. Ukiwakaribia kwa kukimbia ili waruke upate picha, unawanyima saa za kula, na kundi likishaondoka halirudi asubuhi hiyo. Angalia pia vichakani mlimani: tandala wakubwa wako Bogoria, wenye pembe za kujisokota, na mapema asubuhi hushuka karibu na barabara.

Saa 5 na nusu uwe umeanza kuondoka. Dalili za mtu aliyeshindwa na joto huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu na hasira isiyo na sababu. Mweke kivulini, lowesha leso umfunge kichwani na shingoni, mpepee, mpe maji ya chumvi na sukari kwa mafundo madogo. Akianza kuongea visivyoeleweka, hilo si la kusubiri apumzike. Mpoze kwa maji yote mliyonayo na mpeleke hospitali, au piga 999 au 112.

Siku ya tatu: Longonot

Kosa la kwanza hutokea steji ya Nakuru. Matatu nyingi za Nairobi zikifika Naivasha hushika barabara ya juu kupitia Kinungi, na hizo hazipiti Longonot. Panda ya Naivasha, ushuke, kisha utafute inayokwenda Mai Mahiu kwa barabara ya chini, na umwambie konda "Longonot". Kutoka barabarani hadi lango la mbuga chukua bodaboda. Ili uwe langoni saa 2 asubuhi, toka Nakuru saa 11.

Kilele kiko mita 2,776. Kutoka langoni hadi ukingo wa shimo ni kilomita 3 hivi za kupanda, na mzunguko wa ukingo ni kilomita 7.2. Ukijumlisha na kushuka, ni zaidi ya kilomita 13. Mtu wa mazoezi ya kawaida atumie saa moja na nusu kufika ukingoni, saa tatu kuzunguka, na saa moja kushuka. Njia ya mwanzo ni tambarare, twiga na pundamilia wanachunga kando yake, na hapo ndipo watu wanapojimaliza kwa kwenda mbio. Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuongea sentensi nzima bila kukatika. Usitoke njiani kwenda vichakani, kuna nyati.

Mteremko wa mwisho kabla ya ukingo ni mkali na umejaa majivu mepesi. Unapanda hatua mbili unateleza moja. Weka unyayo mzima chini, si vidole tu, na ukanyage pembeni ambako mizizi ya nyasi imeshika udongo, badala ya katikati palipolegea. Acha nafasi ya mita tano kati yako na aliye mbele, usije ukala vumbi lake. Hapa ndipo leso hupanda puani.

Ukifika ukingoni tazama saa. Ikiwa imepita saa 5, tazama shimo na msitu ulioota ndani yake, kula, pumzika, shuka. Hujashindwa, mandhari ya pale ni nusu ya yote. Ikiwa bado mapema na chupa zako zimezidi nusu, zunguka. Muulize askari langoni asubuhi upande upi njia imemomonyoka zaidi, na uanze na huo ukiwa bado na nguvu. Kipande cha kilele ni cha kupanda kwa mikono na miguu, na baadhi ya sehemu za ukingo ni nyembamba kiasi cha mtu mmoja, bonde kulia na shimo kushoto. Upepo huvuma kwa ghafla hapo: kaza kamba ya kofia, inama kidogo, simu ikae mfukoni. Mkikutana na wengine, anayeshuka asimame upande wa mlima ampishe anayepanda. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa Mau na ukasikia ngurumo, usingoje tone. Juu ya ukingo hakuna kilicho kirefu kukuzidi.

Kushuka ndiko kunakovunja magoti. Kaza kamba za viatu kwenye kifundo kabla hujaanza, ili mguu usisogee mbele. Piga hatua fupi, goti lililokunjwa kidogo, uzito juu ya mguu wa nyuma. Usikimbie kwenye majivu hata kama vijana wanakupita wakicheka. Chini ya majivu kuna mifereji iliyochimbwa na mvua, na kifundo huingia humo na mwili ukaendelea mbele. Mtu akiteguka, usimvue kiatu. Ukimvua, mguu unavimba na hakirudi. Funga leso juu ya kiatu kwa umbo la nane, mpe fimbo, mpeleke polepole, na mmoja wenu atangulie kuwaarifu askari.

Asiyetaka kupanda siku hiyo anaweza kuendesha baiskeli Hell's Gate, kusini mwa Ziwa Naivasha, mojawapo ya mbuga chache unapoweza kupita kati ya pundamilia bila gari. Kabla ya kulipa baiskeli kagua breki zote mbili, hewa na kiti, na uiendeshe mita 50. Bonde jembamba la Ol Njorowa ni la kuingia tu ukiwa na mwongozaji na ikiwa askari wamelifungua. Mwaka 2012 na 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu mle, kwa sababu maji hutoka kwenye mvua iliyonyesha mbali wakati juu yako anga ni safi. Ukiona maji yamegeuka rangi au vijiti vinaelea, panda ukuta pale pale ulipo.

Ukitoka Longonot, usimamishe matatu upande wa Naivasha, si upande wa Mai Mahiu, na uwe barabarani kabla ya saa 10 jioni. Baada ya hapo zinazopita huwa zimejaa tangu zilikotoka, na konda akimwona mtu mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi soksi husita. Jikung'ute kwanza, vaa shati lile la pili ulilobakiza chini ya begi, viatu uvitie kwenye mfuko.